Njia si ya mtu, ni ya mtaa
Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi siku ya kuadhimisha miaka kumi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa pamoja na Mtendaji wako, viongozi wetu wa dini, wazee wetu wa Majengo, akina baba mliokuja kutuunga mkono, na ninyi akina mama wenzangu wa kikundi.

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Wako wenzetu tulioanza nao ambao leo wametangulia mbele ya haki. Mungu awalaze mahali pema peponi.

Katibu wetu ameshasoma risala. Amewaeleza tuko wangapi, tumeweka hisa kiasi gani, tumekopeshana kiasi gani na mgao wa mwaka huu utakuwaje. Kwa hiyo mimi sitarudia hesabu zile, maana mtasinzia na wali unanukia pale nyuma. Nina jambo moja tu, nalo ni habari ya mtaa wetu. Naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe litawagusa baadhi yenu, na mimi nimeamua kulisema mbele ya wageni ili tusije tukalikimbia.

Watu wengi wakituona wanadhani mali ya kikundi iko ndani ya lile sanduku lenye kufuli tatu. Ni kweli iko mle. Lakini mimi nasema nusu ya mali yetu iko nje ya sanduku na nje ya milango yetu. Iko kwenye bomba la maji, kwenye choo, na zaidi ya yote iko kwenye njia tunayopita. Hiyo mali ya nje haina kufuli hata moja. Ndiyo maana inaliwa.

Hebu tukumbuke kwanza tulikotoka. Jina la Majengo si letu peke yetu. Iko Majengo Moshi, iko Dodoma, iko Mombasa, iko Nairobi kule Pumwani. Wakati wa mkoloni miji ilikatwa vipande: Uzunguni kwenye nyumba za bustani, Uhindini kwenye maduka, na Waafrika wakapewa viwanja vidogo vidogo vilivyobanana. Mtu ulikuwa unajijengea mwenyewe, kwa miti na udongo, baadaye kwa tofali. Na akina mama, sikilizeni hili: kule Pumwani, mtaa ulioanza miaka ya 1920, wanawake walikuwa miongoni mwa wenye nyumba wa mwanzo kabisa. Walijenga kwa jasho lao, wakapangisha vyumba, wakalea watoto na wadogo zao. Kwa hiyo mwanamke kuwa na nyumba mtaani si jambo lililoletwa na semina za juzi.

Nyumba zenyewe mnazijua. Vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, halafu uani kuna jiko, bafu na choo. Nyumba ile ilipangwa vizuri. Uani palikuwa na nafasi ya kuanika mtama na alizeti, kufuga kuku, na watoto kucheza. Lakini watu wameongezeka. Mkoa wetu wa Singida katika sensa ya mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,370,637. Sensa ya mwaka 2022 imetukuta 2,008,058. Miaka kumi tu! Na mjini ndiko wanakokimbilia vijana. Watu wameongezeka, kiwanja ni kilekile. Basi uani pakaongezwa chumba cha kupangisha, kikaongezwa cha pili, jiko likahamia kwenye korido, na choo kikabaki kilekile cha wakati wa babu.

Sisemi haya kuudharau mtaa wetu. Mimi ukinipa nyumba ya peke yangu porini sikai. Ukaribu huu ndio uliotuwezesha kuwa na kikundi. Mkutano wetu wa kila wiki hauna nauli. Mwenzetu asipofika, tunapiga hodi mlangoni kwake kabla mkutano haujaisha. Anayekopa anajulikana analala wapi, anauza nini, na jana kauza shilingi ngapi. Benki inataka hati ya nyumba. Sisi dhamana yetu ni kwamba kesho asubuhi tutakutana bombani. Kabla ya VICOBA bibi zetu walikuwa na upatu, na upatu nao uliishi kwa ukaribu wa namna hiyo hiyo.

Na huduma ziko karibu. Ukitoka mlangoni, hatua chache uko gengeni. Mashine ya kusaga hiyo hapo. Fundi cherehani, kinyozi, mama lishe, duka la dawa, msikiti, kanisa, shule ya msingi, vyote unasikia sauti zake ukiwa kitandani. Ndugu zetu wa vijijini wakija wanasema, "Ninyi mmebarikiwa." Ni kweli tumebarikiwa.

Lakini jamani, kitu kuwa karibu na kukipata ni mambo mawili tofauti.

Chukua maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kijijini watu wapate maji yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Sisi kwa umbali tumeishinda sera, kioski tunakiona kutoka dirishani. Lakini hesabuni ndoo zilizopangwa pale alfajiri. Ndoo yako iko ya hamsini, mtoto anatakiwa shule, chai haijachemka. Unafanyaje? Unamwita mchuuzi wa mkokoteni.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ninazitaja kwa mfano tu, kila mmoja aweke anazozijua. Nyumba ya watu sita, kila mtu lita 20 kwa siku, ambacho ni kiwango cha chini kabisa wanachokitaja wataalamu wa afya. Hizo ni lita 120, ndoo sita. Kioskini tuseme ndoo shilingi 50: kwa siku shilingi 300. Kwa mchuuzi tuseme shilingi 300 kwa ndoo: kwa siku shilingi 1,800. Tofauti ni shilingi 1,500 kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 547,500. Sasa mwanachama anayenunua hisa tano za shilingi 2,000 kila wiki, kwa mwaka mzima anaweka shilingi 520,000. Mmeona? Anachotoa kwa mchuuzi kinazidi akiba yake yote. Tunajaza sanduku kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unalitoboa.

Na kwa nini mchuuzi anauza ghali? Tusimlaumu. Nimemuuliza mmoja akanijibu, "Mama, mkokoteni wangu unaishia pale njia inapobanwa. Kutoka pale nabeba madumu mkononi, mawili mawili, nakwenda na kurudi." Yaani sehemu ya ile bei tunalipia kichochoro chetu kuwa chembamba.

Kumbukeni na ardhi yetu ilivyo. Mji huu tumezungukwa na maziwa mawili, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Maji ya kunywa lazima yatoke chini kwenye visima virefu, yasukumwe kwa mitambo, yapite kwenye mabomba ya mamlaka. Na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo tone moja la maji Singida lina gharama, halistahili kuongezewa gharama nyingine kwa ajili ya baraza ya mtu.

Jambo la pili ni choo. Hapa naomba tusioneane haya, wote ni watu wazima. Mji wetu ni wa majabali. Ukichimba kidogo unakutana na mwamba. Mashimo yetu ni mafupi, na watu wanaoyatumia ni wengi kuliko waliokusudiwa. Yanajaa upesi. Gari la majitaka likija linasimama barabarani, mpira wake haufiki uani. Mwenye nyumba anabaki na mambo mawili: achimbe shimo jingine mahali ambapo hapana nafasi, au asubiri mvua usiku atapishe choo. Mnajua wenyewe mvua kubwa ikipiga usiku tunasikia harufu gani, na asubuhi watoto wanakanyaga nini wakienda shule. Anayetapisha hamtapishii adui yake. Anamtapishia jirani, na jirani huyo ndiye mdhamini wake wa mkopo kwenye kikundi.

Afisa afya alitueleza kisa kimoja kwenye semina ambacho mimi sikukisahau. Mwaka 1854 huko London, Uingereza, kulikuwa na mtaa unaitwa Soho. Mtaa mdogo, watu wamebanana kama sisi. Kipindupindu kikaingia, zaidi ya watu 600 wakafa. Wakati ule wakubwa wanasema ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, akapita nyumba kwa nyumba anauliza, ninyi maji mnateka wapi? Akakuta wengi wa waliokufa waliteka kwenye pampu moja ya Broad Street. Akaomba mpini wa ile pampu ung'olewe, ukang'olewa. Baadaye walipochimbua wakakuta shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa linavujia kwenye kile kisima. Ndiyo maana tunaambiwa choo na kisima viachane walau mita 30. Hebu niambieni, huku kwetu nani ana mita 30? Kiwanja kizima hazifiki. Kwa hiyo wale tunaoteka maji ya kisima cha uani, tufulie na kudekia. Ya kunywa yawe ya bomba, na tuyachemshe.

Wala msiseme hayo ni ya London. Miaka ya mwanzo ya 1970 halmashauri za miji hapa kwetu zilivunjwa, kazi zake zikapelekwa mikoani na wilayani. Taka, mitaro na maji ya mijini vikakosa mwenyewe. Kipindupindu kikaja mwaka 1977 na kuendelea mwaka 1978. Mwaka huo huo wa 1978 Serikali ikazirudisha halmashauri za miji. Na juzi tu, mwezi Agosti 2015, kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi, na mpaka kinatulia watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua nchini. Tulionawa mikono kwa maji tiririka kipindi kile tunakumbuka. Funzo ninalolipata mimi ni kwamba kitu cha wote kikikosa mwenyewe kwa muda mfupi tu, ugonjwa hauchelewi.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Namaanisha kichochoro chetu kinachoanzia kioskini mpaka barabara kubwa. Wazee wetu waliopo hapa wanasema zamani gari dogo liliingia. Mimi mwenyewe nilipokuja kuolewa hapa, mkokoteni wa kuni ulipita bila kugusa ukuta. Leo kamati yetu imepita na kamba, ikapima. Iko sehemu akina mama wawili wenye ndoo kichwani hawawezi kupishana. Mmoja inabidi arudi nyuma.

Hakuna aliyekuja usiku akaiba njia. Imeliwa kidogo kidogo. Huyu kaongeza ngazi, mvua inaingia ndani. Yule kaongeza baraza, anauza maandazi. Mwingine kaweka kibanda cha mkaa cha mabati, baadaye mabati yakawa tofali. Kila mmoja ana sababu, na ukimsikiliza sababu yake ni ya kweli. Lakini jumla yake ni kwamba tumefungiana.

Mwaka jana usiku mmoja mwenzetu alishikwa na uchungu. Bajaji ikaitwa, ikasimama barabarani. Tukambeba kwenye kiti, wanawake wanne, gizani, mmoja anatangulia na tochi ya simu. Kwenye ile kona ya baraza kiti kikakwama. Tulipokizungusha, mama akalia kilio ambacho wote tuliokuwepo hatutakisahau. Tunamshukuru Mungu alijifungua salama, mtoto yupo, anatambaa. Lakini nawauliza, siku ikiwa ni moto? Gari la zimamoto litapita wapi? Mabati na mbao zetu zimegusana kuanzia mwanzo wa mtaa mpaka mwisho. Na jeneza? Tumeshalipitisha jeneza limeinuliwa juu ya vichwa, watu wamebana migongo ukutani. Maiti ya mtu mzima, aliyejenga mtaa huu!

Wako watakaosema, "Mwenyekiti, hayo ni ya Manispaa. Sisi ni kikundi cha fedha." Nawajibu hivi. Ni kweli njia na mitaro ni kazi ya Manispaa, na Mheshimiwa Diwani yupo hapa anatusikia. Lakini Manispaa haikujenga ile baraza. Na penye ubishi wa majirani, Manispaa ikija peke yake inakuja na alama nyekundu ya X na tingatinga. Mimi sitaki tufike huko. Afadhali tukubaliane wenyewe kwa kamba yetu.

Wenzetu wameweza. Pale Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, mtaa uliojengwa bila mpango na uliokuwa unajaa maji kila mvua, kuanzia mwaka 1994 wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro na njia, wakisaidiwa na Serikali na mashirika ya kimataifa. Wanawake walikuwemo kwenye vibarua na kwenye uongozi. Na Vingunguti, miaka ya 2010, wakazi wakiwemo akina mama wa vikundi vya akiba walishirikiana na wataalamu kuweka mabomba membamba ya majitaka. Yanapita kina kifupi katikati ya nyumba, mahali ambapo bomba kubwa na gari havipiti, uchafu unakwenda kwenye mabwawa. Hawakuwa matajiri. Walikaa chini wakakubaliana bomba lipite wapi. Jambo la kwanza halikuwa fedha, lilikuwa kila mmoja kukubali kuachia kidogo.

Kwa hiyo akina mama, kabla ya kugawana fedha za mwaka huu wa kumi, kamati inaleta kwenu mambo matatu. Tutayapigia kura mkutano ujao, si leo, ili kila mmoja akalale nayo.

La kwanza, mwanachama akiomba mkopo wa kujenga, kamati ya mikopo itakwenda kuona kwa macho. Tutauliza kibali cha ujenzi cha Manispaa, tutauliza choo kiko wapi, na tutapima njia inabaki kiasi gani. Kikundi kisitoe hata shilingi moja ya kuziba njia. Haiwezekani fedha niliyoiweka mimi iende kununua tofali litakalonizuia mimi nisitoke nikiungua.

La pili, kichochoro chetu kirudi mita mbili kila mahali, bajaji ipite na mkokoteni upite. Nyumba zinazoguswa zinajulikana, na nyingine ni za wanachama wenzetu waliokaa hapa mbele. Sizitaji. Mmoja wao ameshaanza, wiki iliyopita amebomoa ngazi yake kwa nyundo ya kukodi, na nampongeza kwa dhati. Kwa wengine, tunapendekeza mfuko wa jamii ulipie fundi na saruji ya kurekebisha mlango, maana si haki mtu mmoja abebe gharama ya faida ya wote. Anayeuza maandazi barazani tumtafutie nafasi karibu na kioski. Biashara yake hatuigusi, tunagusa tofali tu.

La tatu, tuanzishe mkopo wa choo wenye riba ndogo kuliko mikopo mingine. Mwenye nyumba akope, ajengee shimo lake kwa tofali, aweke mfuniko wa kufungua, na kwa kuwa njia itakuwa imefunguka, mpira wa gari utafika. Majirani wawili au watatu wakiitana gari siku moja, wanagawana gharama.

Hapa najua wapangaji wananitazama. Zaidi ya nusu yetu humu ni wapangaji, na wanajiuliza, choo kikiwa kizuri si kodi itapanda, tufukuzwe? Swali ni la haki. Ndiyo maana masharti ya mkopo wa choo yatasema wazi: mwenye nyumba akikopa kwenye mfuko huu, hatapandisha kodi kwa sababu ya choo hicho mpaka amalize mkopo. Na mpangaji naye ashiriki usafi. Mwenye nyumba asiyetaka sharti hilo ana uhuru wa kukopa kwingine, hata kwa wale wa kausha damu, tuone kama watamfaa.

Kwa akina mama wenye nyumba, na wale mnaotaka kuwa na nyumba, niseme neno moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Wengi wetu tunalipa fundi, tunalipa tofali, halafu jina kwenye karatasi ni la shemeji. Tunapopima njia, tuzungumze pia na watu wa ardhi wa Manispaa, kila mmoja ajue mpaka wake unaishia wapi na jina lililoandikwa ni la nani. Mjane asiyejua mpaka wake ndiye wa kwanza kumegewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukukuita tukulishe pilau tu, tuna maombi. Kwanza, tunaomba Manispaa ituletee mpimaji siku moja aithibitishe kamba yetu, atuwekee alama, kusiwe na maneno. Pili, tukishafungua njia, tunaomba mamlaka ya maji ituongezee bomba la pili upande wa chini, foleni igawanyike. Tatu, tunaomba mtaro. Nguvu kazi tutatoa sisi, mawe Singida hayanunuliwi mbali. Na nne, ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri ambayo sheria inaipeleka kwa wanawake asilimia nne, vijana asilimia nne na watu wenye ulemavu asilimia mbili, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudishwa mwaka 2024. Tunaomba tuelekezwe vizuri. Kikundi chetu kimesajiliwa kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vitabu vyetu viko wazi, njooni mvikague hata kesho.

Nanyi akina baba mliokuja kututia moyo, tunawashukuru. Lakini makofi peke yake hayabomoi baraza. Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano wetu wa kura, kama wanachama wataafiki, tunahitaji sururu, makoleo na mikono yenu. Chai na viazi vitakuwepo.

Wenzangu, wazee hutusimulia habari za mama yetu Liti, aliyewakabili Wajerumani kwa nyuki. Nyuki hukaa wengi mahali padogo kuliko sisi, na mlango wa mzinga hakuna anayeuziba. Sisi tumekaa miaka kumi tukijifunza kuweka shilingi pamoja bila kuibiana. Tumejifunza kungoja zamu, kuandika, kudaiana kwa adabu, kusameheana faini ya mwenye msiba. Elimu hiyo hiyo naomba tuitoe nje ya sanduku, tuipeleke kichochoroni.

Mimi shule yangu ni ya msingi tu, sijui maneno makubwa ya mipangomiji. Lakini mwenye ndoo kichwani anajua njia ni nyembamba bila kuambiwa na mtaalamu.

Mkalale nayo, mkayazungumze na waume zenu, na wenye nyumba wenu, na wapangaji wenu. Mkutano ujao kura itakuwa ya siri, na matokeo yoyote mimi nitayatii. Ila nawaomba, mtakapokuwa mnarudi nyumbani jioni hii, mkifika kwenye ile kona, simameni kidogo, mwangalie.

Kikundi oyee! Akina mama oyee! Majengo oyee!

Karibuni chakula.